Dawa Iliyoshinda Upesi Mno: Habari ya Uvimbe wa Taya na Chumvi za Mwili

Hapa kwetu Mushaki, juu ya milima ya Masisi, kuna neno tulilolisikia matangani mara nyingi kuliko tunavyopenda. Neno lenyewe ni hili: “Dawa ndiyo iliyomwua.” Leo twataka kulichungua neno hilo, tuone lilikotoka, na lina kweli kiasi gani. Kwa maana neno likisemwa matangani huenda mbali, tena huweza kumzika mtu wa pili.

Miaka michache iliyopita walikuja katika shirika letu jamaa mmoja wa wakimbizi, waliokimbia vita upande wa Walikale. Mtoto wao wa kiume, wa miaka sita, alikuwa na uvimbe katika taya. Meno yalikuwa yamelegea, jicho moja lilikuwa limesukumwa nje, na tumbo nalo lilikuwa limeanza kujaa. Watu wa shirika walichanga, wakampeleka hospitali ya mbali. Huko akatiwa dawa ya kansa katika mshipa. Siku ya pili mama alipiga simu akilia kwa furaha: uvimbe ulikuwa ukinywea mbele ya macho yake! Tulishangilia sana. Usiku wa siku ya tatu mtoto akafa. Baadaye mama alitusimulia kwamba tangu asubuhi ile mtoto hakupata mkojo. Lakini yeye hakujua kwamba hilo lilikuwa jambo la kumwambia muuguzi, na hakuna mtu aliyemwuliza.

Kabla mwaka haujaisha, mtoto wa kike wa jamaa wengine wa upande ule ule akaonekana na uvimbe kama ule. Wazee wakakaa shauri. Mzee mmoja akatugeukia, akasema, “Katekista, wewe umesoma kwa mapadre. Dawa iliyomwua mtoto wa wenzetu, tumpe na huyu?” Hatukuwa na jibu. Tukasema tu, “Tumwombe Mungu.” Kuomba ni wajibu wetu, lakini siku ile tuliifanya sala kuwa pazia la kuficha ujinga wetu. Mtoto hakupelekwa. Alikufa kabla maharage ya msimu ule hayajavunwa.

Makala hii ni jibu tulilochelewa kumpa mzee yule. Tumelitafuta kwa madaktari na katika vitabu, na kumbe, jibu lenyewe ni historia ya nchi zetu hizi hizi za Afrika ya Mashariki.

I. DAKTARI MWENYE JICHO MOJA

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, nchi ya Ireland, mwaka 1911. Alipokuwa na miaka 11 alipoteza jicho moja kwa ajali. Hata hivyo alisomea udaktari, akawa mpasuaji, na mwaka 1946 akaja Uganda kufanya kazi Lira, kisha Kampala katika hospitali ya Mulago. Alikuwa Mkristu wa Kiprotestanti, mtu wa sala, asiyejivuna.

Mwaka 1957 mwenzake, daktari Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto mmoja wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakuwa ameona jambo kama lile katika vitabu vyake. Baada ya majuma machache, alipokuwa Jinja, alichungulia dirishani akaona mtoto mwingine mwenye uso ule ule, na tumboni alikuwa na uvimbe pia. Mtu mwingine angesema, “Ni bahati mbaya ya watoto wawili,” akaenda zake. Burkitt alisimama, akauliza. Alirudi Kampala, akapekua daftari za hospitali, akakuta kwamba watoto wa namna hiyo walikuwa wengi, ila kila mmoja alikuwa ameandikwa peke yake: huyu ana uvimbe wa taya, huyu wa figo, huyu wa ini. Mwaka 1958 alitoa maandiko yake ya kwanza, akionyesha kwamba yote hayo ni ugonjwa mmoja. Wachunguzi wa Mulago wakathibitisha kwamba ni kansa ya chembe za damu za namna ya limfu, yaani limfoma. Leo dunia nzima huuita ugonjwa huo limfoma ya Burkitt.

Tuseme kweli: mama zetu walikuwa wameuona uvimbe huo tangu zamani. Hata daktari Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameuchora katika daftari zake. Kuona hakukupungua, kulikopungua ni kuunganisha lililoonwa hapa na lililoonwa pale.

II. SAFARI YA MAILI 10,000

Burkitt alitaka kujua ugonjwa huo wakaa wapi. Alipeleka karatasi zenye picha katika hospitali za serikali na za misioni, akiwauliza madaktari na masista, “Je, mmemwona mtoto kama huyu?” Kisha, mwezi wa Oktoba 1961, alinunua gari kuukuu aina ya Ford kwa pauni 250, akaondoka Kampala pamoja na wenzake wawili, Ted Williams wa hospitali ya misioni ya Kuluva na Cliff Nelson. Kwa majuma 10 walikwenda karibu maili 10,000, ndiyo kilomita 16,000, mpaka kusini ya Afrika, wakipitia hospitali zaidi ya 50.

Ramani waliyorudi nayo ilikuwa ya ajabu. Ugonjwa ulikuwa mwingi katika nchi za joto na mvua, lakini haukuonekana katika nchi za milima karibu na ikweta zilizopita kimo cha meta 1,500 hivi, wala mahali penye baridi, wala mahali pakavu sana. Ilikuwa kana kwamba mtu amechora mstari mlimani kwa kamba. Hapa ndipo sisi wa Mushaki twajitambua katika habari hii. Juu huku kwenye ukungu, malisho ya ng'ombe na viazi, wazee wetu hawakuuzoea uvimbe huo. Ndugu zetu wa mabonde na misitu ya Walikale, kwenye joto na mbu, wako upande wa pili wa mstari. Kwa hiyo ulipopanda milima pamoja na wakimbizi, sisi tuliuona kama jambo geni, na wengine wakasema ni uchawi.

Sababu ya mstari huo ilijulikana polepole. Mahali pasipo ugonjwa ni mahali ambapo malaria ilikuwa chache. Malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara hudhoofisha ulinzi wa mwili wake. Tena, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alipokuwa akisema mbele ya madaktari wa London, alikuwamo mchunguzi mmoja, Anthony Epstein. Huyu akaomba aletewe vipande vya uvimbe kutoka Kampala kwa ndege, na mwaka 1964, pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong, alitangaza kwamba ameona ndani yake virusi. Ndivyo vilivyokuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na kansa ya mwanadamu. Basi si uchawi, wala si laana ya ukoo.

III. SUMU ILIYOGEUZWA DAWA

Sasa twaingia katika habari ya dawa zenyewe. Dawa za kwanza za kansa hazikuanzia mahali pa amani. Moja ya mizizi yake ni gesi ya sumu ya vita. Tarehe 2 Desemba 1943 ndege za Ujerumani zilipiga bandari ya Bari, nchi ya Italia, na meli ya Marekani iitwayo John Harvey, iliyochukua sumu hiyo kwa siri, ikapasuka. Madaktari waliwaona majeruhi wakipungukiwa na chembe nyeupe za damu. Mwaka uliotangulia, madaktari wa chuo cha Yale walikuwa wamekwisha kujaribu dawa ya jamii hiyo kwa mgonjwa wa limfoma. Maana yake ni hii: sumu inayoua chembe nyeupe za mtu mzima huweza kuua pia chembe nyeupe zilizoasi. Kutoka katika jamii hiyo ilitokea baadaye dawa iitwayo siklofosfamidi.

Mzizi wa pili ni chakula. Chembe haiwezi kuzaliana pasipo asidi ya foliki, ile tunayoipata katika mboga za majani na maharage. Sidney Farber wa Boston alifikiri hivi: tukiinyima chembe ya kansa chakula hicho, itakwama. Mwaka 1948 alitangaza kwamba watoto wenye kansa ya damu walikuwa wamepata nafuu, ijapokuwa kwa muda tu. Kutoka hapo ikatokea methotreksati. Na mzizi wa tatu ni ua dogo la rangi ya waridi kutoka Madagascar, ambalo majani yake yalitoa vinkristini.

Huko Kampala Burkitt hakuwa na mashine ya mionzi, na kisu hakikufaa, kwa sababu uvimbe ulikuwa mahali pengi. Ndipo daktari Joseph Burchenal wa New York alipokuja na kumsaidia kupata methotreksati. Huko Nairobi, Peter Clifford naye alikuwa akijaribu dawa za namna hiyo. Mambo waliyoyaona yalikuwa kama hadithi. Mtoto aliyeletwa uso umeharibika, baada ya siku chache uso wake ulirudi. Wengine walipona kabisa kwa dawa kidogo tu, na hawakurudiwa tena. Wakati ule, katika nchi tajiri, karibu hakuna kansa iliyoenea mwilini ambayo ilikuwa ikipona kwa dawa peke yake.

Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, kwa msaada wa Wamarekani na kwa bidii ya Sebastian Kyalwazi, mpasuaji Mganda. Daktari John Ziegler alikiongoza kwanza. Wamarekani walipoondoka wakati wa Idi Amin, daktari Charles Olweny, Mganda, aliichukua kazi akaitunza katika miaka ya taabu. Ndicho kinachoitwa leo Taasisi ya Kansa ya Uganda. Mwaka 1972 tuzo kubwa ya Lasker ilitolewa kwa watu walioanzisha matibabu ya kansa kwa dawa. Miongoni mwao walikuwamo Burkitt, Burchenal, Ziegler, na Mwafrika mmoja, daktari Anomah Ngu wa Kamerun. Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtu akikuambia kwamba dawa za kansa ni mambo ya wazungu, yaliyoletwa kujaribiwa tu kwetu, mjibu kwamba sehemu kubwa ya elimu hiyo ilipatikana kwa watoto wa Afrika, nao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupona.

IV. USHINDI UNAOZIDI NGUVU ZA FIGO

Lakini pamoja na furaha lilikuja jambo la kutisha. Baadhi ya wagonjwa, ambao uvimbe wao ulikuwa ukinywea vizuri, walikufa ghafula katika siku za kwanza za matibabu. Hawakufa kwa kansa kuendelea, bali wakati kansa ilipokuwa ikishindwa. Ni nini hiki?

Kila chembe ya mwili ni kama ghala ndogo iliyofungwa. Ndani yake mna chumvi iitwayo potasiamu, mna fosfeti, na mna mali ya uzazi wa chembe, ambayo ikivunjwa hugeuka asidi ya uriki. Vitu hivyo vikikaa ghalani havina madhara. Chembe zikifa moja moja, kama inavyokuwa kila siku, vitu vyake huingia katika damu kidogo kidogo, na figo hutupa nje kwa mkojo yale yasiyohitajiwa.

Uvimbe wa Burkitt ni wenye mbio kuliko karibu kansa zote; chembe zake huweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Kwa sababu hiyo hiyo hunaswa upesi na dawa. Dawa ikiingia, maghala maelfu kwa maelfu hubomoka kwa pamoja. Potasiamu ikijaa katika damu, mapigo ya moyo huvurugika, na moyo huweza kusimama. Fosfeti ikizidi, hushikana na kalsiamu; kalsiamu ya damu hupungua, misuli hukazana, mgonjwa hupata degedege. Asidi ya uriki nayo huganda kama mchanga ndani ya mifereji ya figo. Figo zikiziba, mkojo hukatika; mkojo ukikatika, potasiamu haina mlango wa kutokea.

Sisi watu wa milimani twalielewa jambo hili bila kwenda shule. Mvua ndogo ya kila siku huteremsha udongo kidogo, na mfereji wa barabara hauoni shida. Lakini mlima ukiporomoka usiku mmoja juu ya barabara ya Sake, udongo ule ule huziba mfereji, maji hupanda, barabara hukatika. Udongo si adui. Adui ni wingi wake kwa mara moja, na mfereji usiotayarishwa.

Jambo hilo halikujulikana siku moja. Mwaka 1929 madaktari wawili wa Czechoslovakia, Bedrna na Polčák, waliandika juu ya wagonjwa wa kansa ya damu ambao figo zao ziliziba baada ya kutibiwa kwa mionzi. Mwaka 1973 madaktari wa Bethesda, Marekani, waliandika kwamba potasiamu hupanda baada ya dawa katika wagonjwa wa limfoma ya Burkitt. Na mwaka 1980 Cohen na wenzake walikusanya habari za wagonjwa 37 wa limfoma hiyo, wakaeleza tatizo zima hatua kwa hatua. Miongoni mwa walioandika walikuwamo John Ziegler na Ian Magrath, ambao wote wawili walikuwa wamefanya kazi Kampala. Tangu hapo madaktari wana jina la jambo hilo: kuyeyuka kwa uvimbe.

Kinga yake ni nini? Kubwa kuliko zote ni maji. Kabla ya dawa ya kansa, mgonjwa hutiwa maji mengi katika mshipa ili mfereji uwe wazi, na mkojo wake hupimwa mchana na usiku. Damu hupimwa mara nyingi, hasa katika siku 3 za kwanza. Kwa mgonjwa mwenye uvimbe mkubwa, madaktari huanza na dawa kidogo, ili mlima ushuke polepole. Tena kuna vidonge vya alopurinoli, vinavyozuia asidi ya uriki isitengenezwe. Dawa hiyo ilitoka katika kazi ya Gertrude Elion na George Hitchings, waliopata tuzo ya Nobel mwaka 1988. Mama Elion alikuwa msichana wa miaka 15 alipomwona babu yake akifa kwa kansa, akaazimu kutoa maisha yake kupigana nayo.

Iko pia dawa mpya zaidi, rasburikasi, iliyoanza kutumiwa Ulaya mwaka 2001, ambayo huvunja asidi ya uriki iliyokwisha kutengenezwa. Lakini tazama jambo hili: watu wengine huzaliwa na upungufu wa kitu kinacholinda chembe nyekundu za damu, kiitwacho G6PD, na mtu kama huyo akipewa rasburikasi chembe zake nyekundu hupasuka. Upungufu huo ni mwingi hasa katika nchi za malaria, ndizo nchi zile zile za uvimbe wa Burkitt. Kwa hiyo dawa nzuri ya Ulaya haiwezi kuletwa kwetu bila kupima kwanza. Maji yaliyotiwa kwa wakati na mkojo uliopimwa kwa uangalifu bado ndiyo ngao ya kwanza ya mtoto wa Afrika.

V. DAWA ZA MIEZI NA MIAKA

Jambo tulilolieleza huja katika siku za kwanza. Lakini wako wagonjwa wanaotumia dawa za kansa kwa miezi, hata kwa miaka, na hao huweza kupata misukosuko mingine ya chumvi na sukari za mwili. Mengi ya haya ni machache kutokea, na ndiyo maana hupita bila kutambuliwa, au husemwa kuwa ni ugonjwa mwingine.

Vinkristini, ile ya ua la Madagascar, mara chache huufanya ubongo uziamuru figo kushika maji bila kipimo. Sodiamu, yaani ile chumvi ya kawaida ya damu, hupungua. Mgonjwa huumwa kichwa, huchanganyikiwa, hata hupata kifafa. Huyu akizidishiwa maji kwa huruma tu, huumia zaidi. Ndiyo sababu twasema: maji yaende kwa amri ya daktari, si kwa kukisia.

Prednisoloni, inayochanganywa na dawa nyingi za limfoma, huweza kupandisha sukari ya damu hata mtu asiyekuwa na kisukari akaonekana kuwa nacho: kiu nyingi, mkojo mwingi, kukonda. Sisplatini, iliyokubaliwa Marekani mwaka 1978, huweza kuzifanya figo zivujishe magnesi, pengine hata baada ya dawa kwisha. Mgonjwa husikia ganzi na mikazo ya misuli. Ifosfamidi huweza kuzifanya figo za mtoto zimwage fosfeti, na mifupa yake inayokua ikapinda kama ya mtoto mwenye matege. Hata vidonge vya imatinibu, vilivyokubaliwa mwaka 2001, ambavyo vimewapa wagonjwa wa namna moja ya kansa ya damu miaka mingi ya maisha, vina jambo lake: mwaka 2006 madaktari walitangaza kwamba baadhi ya wanaovitumia hupungukiwa na fosfeti katika damu, na kazi ya mifupa yao hubadilika.

Tusiyasome haya kwa hofu. Yakipatikana mapema, mengi hurekebishwa: kwa kuongeza chumvi iliyopungua, kwa kupunguza dawa, au kwa kubadili dawa. Anayeumia zaidi ni yule anayenyamaza, na yule anayeacha dawa kimya kimya bila kurudi. Kwa maana daktari haoni ganzi ya vidole, wala hasikii kiu. Hayo husemwa na mgonjwa, au na mama aliyelala chini ya kitanda chake.

VI. TUJIBU NINI?

Sasa turudi kwa mzee wetu. Je, dawa ndiyo iliyomwua mtoto wa kwanza? Hatukuwa pale, wala hatukupima damu yake, haitupasi kuhukumu. Lakini uvimbe ulionywea siku ya pili, mkojo uliokatika siku ya tatu, na kifo cha ghafula usiku ule, vyafanana sana na habari tuliyoieleza. Ikiwa ndivyo, basi dawa ilifanya kazi yake, tena upesi mno, na mfereji haukutayarishwa. Neno la kweli matangani lingekuwa hili: “Alihitaji dawa na maji na macho ya kumwangalia, alipata dawa tu.” Na kama tungalilisema hivyo, mtoto wa pili asingenyimwa dawa. Angalipelekwa, na watu wake wangaliuliza habari ya maji na mkojo.

Kwa hiyo, ndugu zetu, yatupasa kushika mambo haya machache.

Kwanza, mtoto akivimba taya au tumbo kwa haraka, meno yakalegea bila sababu, apelekwe hospitali siku hizo hizo. Uvimbe huu hauhesabu miezi, wahesabu siku. Huko wataelekeza mahali pa matibabu. Mulago wana ujuzi wa miaka mingi. Lacor karibu na Gulu, hospitali ya Kikatoliki iliyoanzishwa na Wamisionari wa Comboni mwaka 1959 na kukuzwa na madaktari Piero Corti na mkewe Lucille Teasdale, imewatibu watoto wengi wa ugonjwa huu. Na Butaro, kaskazini ya Rwanda, kilifunguliwa kituo cha kansa mwaka 2012. Njia ni ndefu kutoka kwetu, na vita huifanya ndefu zaidi. Lakini mchango wa shirika humfikisha mtu mbali.

Pili, kabla ya dawa kuanza, mzazi aulize bila kuona haya: “Mtoto wangu atatiwa maji? Mkojo wake utapimwa na nani?” Kuuliza si kumdharau daktari.

Tatu, katika siku 3 za kwanza, mkojo ukipungua, moyo ukienda ovyo, misuli ikikazana, kutapika kukizidi au mtoto akilegea sana, mwuguzi aambiwe mara moja, hata usiku wa manane. Usiseme, “Nitamsumbua.”

Nne, mapendo yetu yawe na akili. Twapenda kumletea mgonjwa ndizi, parachichi na maharage. Ni vyakula vizuri, lakini vina potasiamu nyingi. Katika siku zile za kwanza tuulize kabla ya kumlisha. Na dawa za mitishamba tusizinyweshe kwa siri, kwa maana nyingine huumiza figo zile zile tunazotaka kuziokoa.

Tano, tulinde midomo yetu matangani. Kumlilia mtoto ni haki. Kutoa hukumu tusiyoijua ni hatari.

Mzee yule yu hai bado. Juma lililopita tulimwendea nyumbani kwake, tukakaa naye kando ya moto, tukamweleza habari hii yote tangu daktari wa jicho moja mpaka mfereji wa Sake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Mwanangu, maneno haya ni mazuri. Mbona hamkuniambia siku ile?” Tulimjibu kwamba siku ile hatukujua. Akanyamaza kidogo, akasema, “Sasa mwajua. Waambieni wengine.”

Ndivyo tulivyofanya. Na wewe uliyesoma, ukiulizwa katika shirika lako, usinyamaze.